Firigisi ya Mzee Lazarus

Ukifika Lurambi ukamtafuta Zeituni kwa jina la Zeituni, utazunguka mpaka viatu viishe. Uliza Daktari Usimeze, na hata mama anayechoma mahindi kando ya barabara atakuonyesha lango. Jina hilo alibandikwa wodini, katika hospitali anakofanya kazi mjini Kakamega, kwa sababu kazi yake ni ya koo na ulimi. Aliyepigwa na kiharusi akapoteza maneno huletwa kwake, na mtoto aliyechelewa kusema, na mtu anayepaliwa kila akinywa maji. Kwa miaka mingi dawa yake ya kwanza ilikuwa neno hilo moja. Chai? Usimeze. Maharagwe? Usimeze kabisa. Ndizi mbivu? Tutaona, lakini kwa leo usimeze.

Mtu asimwone mkatili bure. Chakula kikipotea njia kikaingia mapafuni kinaweza kuua, na Zeituni aliwahi kuona kikiua. Aliwapenda wagonjwa wake, ndiyo maana aliwanyima.

Alizaliwa Mumias, katika nyumba iliyo karibu sana na msikiti hivi kwamba hawakuwahi kununua saa ya ukutani. Kaka yake, Hassan, alikuwa na kigugumizi cha kusikitisha. Akianza kuomba chumvi mezani, wenzake wanamaliza kula kabla hajaipata. Lakini Hassan huyo huyo akiketi madrasa akaanza kusoma kwa sauti ya kuvuta, ulimi wake ulitiririka bila kukwama popote. Zeituni alimuuliza kila mtu kwa nini. Maalim alisema ni baraka. Mama alisema ni baraka. Baba alisema aache maswali akachote maji. Basi akaenda chuo kikuu kutafuta jibu jingine, akarudi na shahada ambayo jamaa zake hadi leo hawawezi kuieleza mbele ya wageni.

"Anafundishanga watu kuongea," mama yake husema, "na yeye mwenyewe haachangi."

Huyo ndiye Zeituni. Sasa sikiliza yaliyomkuta mwaka alioingia darasani tena, mtu mzima mwenye watoto wanaojua kumjibu.

Tangazo lilikuja kwenye simu: mafunzo ya mtandaoni kwa wataalamu wa usemi na kumeza, kuhusu huduma shufaa, yaani namna ya kumtunza mtu ambaye ugonjwa wake hauponi, ili siku alizonazo aziishi vizuri. Zeituni alijiandikisha kwa sababu isiyo ya kishujaa hata kidogo. Ukuta wa ofisi yake ulikuwa na nafasi ya cheti kimoja.

Darasa lilikuwa kila Alhamisi alasiri. Ofisini mtandao ulikuwa wa kusuasua, ukileta sura ya mwalimu leo na sauti yake kesho. Mahali pekee pa kutegemewa palikuwa nyuma ya chumba cha kufulia, kwenye kamba za kuanikia, kwa hiyo Zeituni alibeba kiti chake cha plastiki akaketi katikati ya mashuka ya wodi. Wanafunzi wenzake walitoka Malawi, Ghana, India na kwingineko, na kwa muda mrefu waliamini yale mashuka meupe nyuma yake ni picha ya mapambo ambayo kompyuta imemwekea. Mpaka siku moja mkono wa mama wa kufua ulitokea, ukamsogeza Zeituni kichwa upande kwa heshima, ukaanua shuka, ukaondoka. Darasa zima lilicheka, na mtu wa Malawi aliuliza kama anaweza naye kupata mkono kama ule.

Mwalimu wao alikuwa mama wa Kampala mwenye miwani mikubwa na subira kubwa zaidi. Siku hiyo, kicheko kilipotulia, aliwauliza swali ambalo Zeituni aliliona la kitoto.

"Nani kati yenu amewahi kumuuliza mgonjwa asiyepona anataka kula nini?"

 Mtu alikohoa huko Ghana.

"Mwalimu, kwetu kuna methali," Zeituni alisema. "Mgonjwa haulizwi uji. Anapewa tu."

Mwalimu alicheka hadi akavua miwani akaifuta. Alipoivaa tena, uso ulikuwa wa kazi. "Methali ni nzuri kwa mgonjwa atakayepona, maana kesho atajiombea ugali mwenyewe. Huyu mwingine kesho yake ni fupi. Nenda kamuulize mmoja. Hiyo ndiyo kazi yako ya nyumbani."

Zeituni aliudhika kidogo. Mtu mwenye ofisi na kalamu nyekundu hapendi kupewa kazi ya nyumbani mbele ya mashuka.

Kila wiki ya pili hospitali ilipeleka kliniki Lumakanda, na baada ya kliniki Zeituni aliwapitia wagonjwa wasioweza kutembea. Mmoja wao alikuwa Mzee Lazarus Masinde, mkulima wa mahindi, ambaye baba yake alipata shamba pale wakati wazungu walipoondoka. Misuli ya Mzee Lazarus ilikuwa inaishiwa nguvu, kwanza mikono, kisha ulimi, kisha koo, na madaktari walikuwa wamemwambia wazi kwamba hakuna dawa ya kuirudisha. Alizungumza kwa sauti ya upepo, maneno mawili matatu kwa pumzi moja. Alishinda barazani kwenye kiti chenye mito, akiyatazama mahindi yake yakikua bila yeye.

Ugali alikuwa amekatazwa na nani tena kama si Zeituni. Mkewe, Sellah, ambaye majirani humwita Mama Cindy, aliposikia ugali umepigwa marufuku alifikiri mwenyewe kwamba chakula kikiwa chepesi zaidi kitakuwa salama zaidi. Akapika uji mwepesi, wiki iliyofuata mwepesi kuliko huo, mpaka ukawa unaona chini ya kikombe. Kumbe kitu chepesi hukimbia, na koo lililochoka haliwezi kukidaka. Mzee alipaliwa asubuhi, akapaliwa jioni, akakonda hadi kola ya shati ikamzunguka bila kumgusa.

Zeituni alikaa kwenye kigoda mbele yake.

"Baba, kuna jambo sijawahi kukuuliza. Unataka kula nini?"

Mzee Lazarus alimtazama mkewe, kisha akamtazama Zeituni, kama mtu aliyewekewa mtego.

"Mimi?"

"Wewe."

Akavuta pumzi. "Firigisi."

Hapa lazima nieleze. Katika boma lile, kama katika maboma mengi ya Waluhya, firigisi ya ingokho, yaani kuku, si kipande cha nyama tu. Ni ya mwenye boma. Mtoto aliyeiiba angekumbushwa kosa hilo hata akiwa na wajukuu. Zamani wanawake hawakula kuku kabisa, na ingawa siku hizo zimepita na Sellah hula paja lake hadharani bila wasiwasi, firigisi ilibaki nyuma, ua wa mwisho ambao hakuna aliyeuvuka. Mwanamke anaipika. Haionji.

Tangu Mzee Lazarus augue, firigisi ilikuwa inakwenda kwa Clifford, mdogo wake, anayeishi ng'ambo ya ua. Clifford si mtu mbaya, ni mtu wa kuwahi tu. Jumapili kuku akianza kunyonyolewa, yeye hukumbuka kwamba hajamjulia kaka yake hali.

"Mwezi wa nane," Mzee Lazarus alisema, akipumzika kila baada ya neno, "wakwe wa Cindy wanakuja. Kiplagat na watu wake." Cindy alikuwa binti yake, kifungua mimba, na Weldon wa Kiplagat alikuwa kijana aliyemchumbia. "Nikae mezani kwangu na kikombe cha uji. Clifford ale firigisi. Basi mimi mmeshanizika."

Sellah aliinamisha macho. Zeituni naye alihisi ulimi ukijiandaa wenyewe kwa neno lake la miaka yote. Firigisi, katika vyakula vyote vya dunia. Kuku mzima amejaa nyama laini, na mzee huyu anachagua kipande ambacho hata mwenye meno kamili hukitafuna akifikiria mambo mengine. Usi, ulimi ulianza. Akauuma.

"Nitauliza," alisema.

Alhamisi ile darasa lilichemka. Ilibidi kwanza awaeleze wengine kwa nini mtu atamani firigisi, na mtu wa Malawi akaapa kwamba kwao ni hivyo hivyo, asieleze zaidi, yeye ameelewa. Walimpa mengi ya kufanya: uji uwe mzito, mzee aketi wima, kidevu kiinamishwe akimeza, kijiko kiwe kidogo, apumzike kati ya kijiko na kijiko. Hayo Zeituni aliyajua hata usingizini. Lililobaki ndilo hakulijua.

"Na akipaliwa?" aliuliza.

"Anaweza kupaliwa," mwalimu alisema. "Utakuwa umemweleza hatari yote, yeye na watu wake. Utakuwa umekaa karibu. Na yeye ndiye atakayekuwa amechagua. Zeituni, koo ni lake."

Baada ya darasa alibaki pale kwenye kiti cha plastiki, mashuka yakimpigapiga mabegani. Miaka yote hiyo alidhani kazi yake ni kulinda koo. Hakuwahi kufikiri kwamba koo lina mwenyewe. Alijisikia mjinga, halafu akajisikia mwepesi, na mama wa kufua akamwambia kama amemaliza asogee, jua linaisha.

Alimweleza Mzee Lazarus kila kitu bila kuficha: chakula kinaweza kupotea njia, kinaweza kuleta homa ya mapafu, na homa hiyo inaweza kumchukua kabla ya ugonjwa wenyewe. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Daktari," alisema, "kila mwaka mvua inaweza kukosa." Akapumzika. "Nimekuwa nikipandanga tu."

Basi kazi ikaanza, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi Zeituni aliingia jikoni kwa mgonjwa badala ya kusimama mlangoni akitoa amri.

Jaribio la kwanza lilikuwa lake. Alileta mashine ya kusaga kutoka nyumbani, akachemsha firigisi, akasaga, akapata rojo ya rangi ya udongo, laini kabisa, salama kabisa. Akaipeleka barazani kwa fahari. Mzee Lazarus aliitazama kwa muda.

"Hii ni nini?"

"Firigisi, baba."

"Hapana. Hii ilikuwanga firigisi."

Akafunga mdomo, na mdomo huo, pamoja na udhaifu wake wote, haukufunguka tena. Sellah alijifunika leso usoni, mabega yakimtikisika. Zeituni alimtazama kwa hasira, kisha naye akashindwa kujizuia. Walicheka wote wawili huku mzee akiwatazama kama jaji.

"Niachie mimi, mwanangu," Sellah alisema. "Wewe niambie tu koo lake linataka nini. Huyu mtu najua macho yake yanatakanga nini."

Hapo wakaelewana. Safari iliyofuata Zeituni alimkuta Sellah ameshachoma maganda ya maharagwe, ameyachuja majivu kwa maji, amepata munyu, ile chumvi ya kienyeji inayolainisha mboga ngumu. Firigisi zilikuwa jikoni tangu asubuhi, moto mdogo, zikichemka ndani ya munyu. Zilipolegea alizitwanga, akazipitisha kwenye chujio, nyuzi zote zikabaki juu. Zeituni akauliza kama kuna kitu cha kuzifanya ziteleze. Sellah akaonyesha sufuria ya mrenda, mboga inayovutika, ambayo mtu asiyeizoea huidhania imeharibika. Zeituni alitumbukiza mwiko, akauinua, akautazama mrenda ukining'inia bila kukatika. Kwenye darasa walikuwa wametaja unga wa dukani wa kufanyia kazi hiyo, wenye bei ya kumtia mtu homa. Alipiga picha sufuria ile akaituma darasani hapo hapo.

Wakachanganya, na Sellah akaanza kuunda kwa vidole. Aliifinyanga firigisi upya, pande zake mbili nene, kingo zake, hata ule mkunjo wa katikati. Ukiona vyaelea vimeundwa.

Ikabaki kuonja. Sheria ya kazi ni moja: mpishi aweke kipande ulimini, akibane kwenye kaakaa bila kutumia meno. Kikivunjika, kinafaa. Kikibaki, bado. Lakini kuku wale walikuwa wamechinjwa na Clifford kabla Zeituni hajafika, na Clifford hamtaji Mungu hata akipiga chafya.

"Mimi siwezi kula kuku hawa, mama. Onja wewe."

"Mimi?" Sellah aliangalia mlango. "Firigisi?"

"Ni kazi ya hospitali."

Sellah aligeukia ukutani. Mkono wake ulienda upesi kuliko aibu yake. Akafikiri, akasema bila kugeuka, "Bado kidogo. Katikati kuna uzi. Na jogoo angekuwa mtamu kuliko hawa."

Kazi ya Zeituni ni kusikiliza watu wakimeza, na alichokisikia hakikuwa koo la mtu anayekutana na kitu kigeni. Aliinua nyusi. Lakini darasa lilikuwa limeanza kumfundisha kwamba si kila kitu kinasemwa, kwa hiyo aliosha mwiko.

Barazani nako mambo yalinyooka. Uji ulipokuwa mzito mzee aliacha kupaliwa, akaanza kulala usiku, uso ukapata rangi. Zeituni alimfundisha kuitumia sauti yake kama mtu mwenye maji kidogo ya kuogea. Mzee alikuwa ameandaa baraka ya kuwapa Cindy na Weldon, baraka iliyoanza na Adamu, ikapitia ukoo wote wa Masinde, ikafika Lumakanda wakati wa kugawiwa mashamba. Waliipunguza pamoja, pumzi kwa pumzi, mpaka yakabaki haya: pendaneni, lisheni wageni, msilale na hasira.

"Hii ni baraka," Mzee Lazarus aliuliza, "ama ni tangazo la chifu?"

"Ni baraka yenye pumzi tatu, baba. Zinakutosha."

Siku ikafika. Mahindi yalikuwa yamesimama marefu pande zote za boma, hema la kukodi lilikuwa limefungwa uani, na kuku walichinjwa na Anwar, mwenye bucha sokoni, ili Zeituni naye ale. Kiplagat alikuja na wazee wake na wake zao, na maziwa lala ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kikang'aa. Alikuwa mtu mrefu mwenye kofia, mkulima kama mwenyeji wake, na alipomshika Mzee Lazarus mkono aliushika kwa mikono miwili, akaurudisha taratibu pale ulipokuwa. Zeituni alimpenda tangu hapo.

Mzee Lazarus aliketi mwanzo wa meza, wima, koti limepigwa pasi. Kushoto kwake aliketi Clifford, amevaa tai. Zeituni alisimama nyuma ya kiti na kitambaa mkononi. Alikuwa amevaa buibui lake jipya.

Obusuma, ugali wa nyumbani, ukaletwa, ingokho zikaletwa, na mwisho Sellah mwenyewe akaleta sahani ndogo, akaiweka mbele ya mumewe, akarudi mlangoni mwa jikoni. Firigisi ilikuwa imelala juu ya mrenda, ya mviringo, inang'aa, na mkunjo wake katikati. Kiplagat aliitazama akatikisa kichwa kwa heshima. Hakuna ambaye angejua.

Clifford aliinama. "Kaka, una hakika? Mimi niko hapa kukusaidia."

 Mzee Lazarus aliigeuza sahani kwa kidole. Akaigeuza tena, akaiinamia, akaichunguza upande huu na upande ule. Kisha akaweka kijiko chini.

  Zeituni aliikumbuka ile rojo ya udongo, na ule mdomo uliofungwa.

"Hii si yangu," mzee alisema.

"Ni yako, baba," Zeituni alinong'ona. "Ndiyo ile ile."

"Haiwezi." Pumzi. "Hii imekamilika."

Clifford alisogeza kiti. Mzee Lazarus akainua mkono wake mzito, akamwonyesha mkewe pale mlangoni.

"Firigisi zangu," alisema, na kila mtu aliinama ili amsikie, "tangu tuoane." Pumzi. "Zote zimekosanga kona moja."

 Sellah alishika fremu ya mlango. Uso wake ulipitia rangi kadhaa, na Cindy, aliyekuwa karibu naye amebeba jagi la maji, alifungua mdomo akausahau wazi. Wa kwanza kuelewa alikuwa Kiplagat. Mabega yake yalianza, kofia ikafuata, na kicheko chake kikatoka kizito kikavuta na vya wazee wenzake.

"Nilikuwa naangalianga chumvi," Sellah alisema.

"Chumvi," alisema mumewe.

"Iliwahi kuzidi?"

Mzee Lazarus alifikiri kwa haki. "Hata siku moja."

Akakishika kijiko kwa shida, akakigeuza, mpini ukamwelekea mkewe. "Basi iangalie."

Sellah alipita mbele ya wakwe, mbele ya shemeji yake mwenye tai, mbele ya wazee wa kanisa waliokuwa wamekaa hemani, akasimama kando ya mumewe. Hakugeukia ukuta safari hii. Alikata kona ya firigisi, akaitia kinywani, akaibana kwenye kaakaa kama alivyofundishwa, akameza.

"Iko sawa," alisema.

Akamkatia na yeye kijiko kidogo. Mzee Lazarus aliinamisha kidevu. Zeituni aliona koo likipanda, likasita, likashuka, na alisubiri kikohozi kwa mwili wake wote, na boma zima likasubiri pamoja naye, hata watoto. Hakukohoa. Alipumzika, akafungua kinywa tena, na kijiko baada ya kijiko firigisi ikaisha, huku Clifford, ambaye nimesema si mtu mbaya, akinyoosha mkono mwenyewe na kuchukua paja. Zeituni alilia. Alilia kwa furaha tupu, na kitambaa alichokileta kwa ajili ya mate ya mgonjwa alikitumia kufutia macho yake.

Ile baraka ya pumzi tatu haikusemwa. Sauti ilikuwa imeisha, ameitumia yote kwa kona. Mzee aliwaita Cindy na Weldon kwa macho, akawaonyesha sahani tupu, akamwonyesha Sellah, basi.

"Tumesikia, mkwe wangu," Kiplagat alisema. "Weldon, umesikia? Mke akikuonjea, nyamaza ule."

Kibuyu cha maziwa kilipofika mbele ya Mzee Lazarus, watu wote walimgeukia Zeituni wakingoja neno lake maarufu. Alichota kijiko, akakiinamisha, akaangalia maziwa yale mazito yakianguka polepole, akampa.

"Meza, baba," alisema, na kutoka hemani mtu akapiga makofi.

Alhamisi iliyofuata, katikati ya mashuka, aliwasimulia wenzake yote. Mtu wa Malawi alidai aandikiwe namna ya kutengeneza munyu, mwalimu alivua miwani tena, na hivi leo cheti kiko ukutani, kimepinda kidogo upande wa kushoto. Mzee Lazarus bado anakaa barazani. Sauti imepungua zaidi, nao wanajua inakoelekea, na Jumapili bado anakula firigisi.

Ila kuna jambo Zeituni hakulieleza darasa, kwa kuwa aliona si la darasa. Wageni walipokuwa wameinuka kwenda kuangalia mahindi, Sellah alibaki akimfuta mumewe kidevu. Zeituni alikuwa nyuma ya kiti, akikunja kitambaa, na masikio yake yamezoea sauti ambazo wengine hawazisikii.

"Miaka yote hiyo ulijua," Sellah alimwambia mumewe polepole. "Kwa nini hukusema?"

Mzee Lazarus alitafuta pumzi mpaka akaipata.

"Ningesema," alimjibu, "ungeacha."